Usingizi Uliokuwa Kwenye Giaboksi

Jumatatu, saa mbili na robo asubuhi, kwenye barabara kuu ya kwenda viwandani, gari la Mkurugenzi lilikataa kuingia gia ya nne. Mshale wa mwendo ulifika themanini, ukapita, lakini injini ikaendelea kunguruma kwenye gia ya tatu kama mtu anayepanda ngazi na gunia kichwani. Kitaa cha ovadraivu, ile gia ya nne ya mwendo mrefu, kwenye dashibodi kikaanza kuwaka na kuzimika. Dereva alibonyeza kitufe kilichopo ubavuni mwa mpini wa gia. Akakibonyeza tena. Kwenye kiti cha nyuma, Mkurugenzi alishusha gazeti na kuuliza kulikoni.

"Ovadraivu, bosi. Imegoma."

"Basi itengenezwe," Mkurugenzi akasema, akainua gazeti lake.

Dereva huyo kazini aliitwa Macho, na kwa miaka kumi na tisa hakuna aliyemwita jina jingine isipokuwa mkewe. Jina lenyewe alilipata kihalali. Madereva wengine wa ofisi ile, wakishawashusha wakubwa wao mahali, hulaza kiti, huvua viatu, huweka kofia usoni na kabla hujahesabu mia wanakoroma. Macho hakuwahi kufanya hivyo hata mara moja. Siku yake ya kwanza kazini Mkurugenzi alimwambia maneno matatu tu, "Dereva wangu halali," na yeye akayapokea kama mtu anayekabidhiwa funguo za nyumba ya watu.

Alikuwa na namna yake ya kufanya. Kwenye gari la otomatiki mguu wa kushoto hauna kazi, kwa hiyo Macho aliutafutia kazi. Kila usingizi ulipomjia, alikanyaga zulia kwa kisigino cha mguu huo mara tatu, akameza mate, na usingizi ukashuka chini. Alifanya hivyo nje ya kumbi za mikutano, kwenye maegesho ya hospitali, chini ya madirisha ya nyumba ambazo Mkurugenzi hakutaka zitajwe. Madereva wenzake walimcheka. "Macho, utapewa nishani ya bundi," walimwambia, kisha wakajifunika kofia zao.

Miaka ya mwanzo usingizi ulimsubiri nyumbani. Baadaye ukaacha kumsubiri. Sasa ulikuwa mwaka wa kumi na moja tangu apate hata lepe la usingizi kitandani kwake. Mkewe, mwanamke mvumilivu lakini asiyependa kutazamwa akiwa amelala, alikuwa akimfunga kitambaa machoni kabla ya kuzima taa. Daktari aliandika kwenye cheti kwamba apumzike. Macho alikikunja cheti akakiweka kwenye kidroo cha gari, pamoja na bima.

Kwamba alikuwa amechoka, hilo alilizoea. Jipya lilikuwa kwamba alianza kuogopa. Wiki tatu zilizopita alisimama nyuma ya lori lililoegeshwa, akalisubiri liondoke kwa dakika ishirini. Wiki iliyopita msichana wa shule alilipiga boneti kwa kiganja na kumuuliza, "Mzee, unatuona kweli?" Macho alikuwa akimtazama uso kwa uso, na hakuwa amemwona. Yeye na binti yule walitenganishwa na shibiri mbili za hewa. Hakumsimulia mtu. Aliomba tu, kila alipowasha gari, kwamba siku ile isiwe leo.

Basi gari likapelekwa gereji. Fundi aliyesifika kwa giaboksi za otomatiki alikuwa mwanamke wa makamo mwenye mikono mifupi na miwani iliyofungwa kwa waya, na wateja walimwita Mama Giaboksi. Karakana yake ilikuwa nyuma ya duka la vioo, ikipakana na mchomeleaji wa mageti. Alikuwa na kanuni moja aliyoirudia hata pale ambapo hajaulizwa: giaboksi haishushwi kabla fyuzi haijahojiwa.

"Habari za kazi, mama?"

"Nzuri, kaka. Unaonekana kama umekuja kwa miguu kutoka mwaka jana. Gari lina nini?"

Macho akamweleza. Mama Giaboksi akaketi kiti cha dereva na kuhesabu kitaa kinavyopepesa, akiandika kwenye kiganja kwa kalamu. Akaitoa fyuzi, akaitazama juani, akairudisha. Akafungua kitufe cha mpini, akakisafisha kwa kitambaa, akakifunga. Akaingia uvunguni, akafuata waya kwa vidole kutoka mwanzo hadi mwisho kama anayesoma barua ndefu ya ndugu. Waya mzima. Sensa inayopima mwendo nzima. Valvu ndogo ya umeme inayofungulia gia ya nne aliigusisha betri, ikalia *tik*, akaigusisha tena, ikalia *tik*.

"Huyu mgonjwa analalamika tu, hana kidonda," akasema. "Mafuta ya giaboksi unayapimaje?"

"Kila asubuhi. Kabla sijawasha injini."

"Kila asubuhi, miaka yote?"

"Miaka yote."

Mama Giaboksi akashusha pumzi. "Kaka, hivyo hupimwa ya injini. Ya giaboksi hupimwa injini ikiunguruma, imeshapata moto. Umekuwa ukipima mtu akiwa maiti."

Akawasha, akaacha gari lipate joto, akachomoa stiki ya kupimia. Kilichong'ang'ania kwenye stiki kilivuka alama ya juu kwa vidole vinne. Hakikuwa chekundu kama mafuta mapya, wala cheusi kama yaliyoungua. Kilikuwa cha kijivu, kizito kama uji, na harufu yake ilikuwa harufu ya mto wa kulalia. Mama Giaboksi akapiga mwayo. Akaifuta stiki haraka, akatoa kipande cha tangawizi mfukoni, akakitafuna.

"Haya si mafuta," akasema. "Huu ni usingizi."

"Wa nani?"

"Nani anaendesha?"

Akafunua zulia upande wa mguu wa kushoto. Kapeti la chini lilikuwa limelika hadi bati, bati limeng'aa, na katikati palikuwa na tundu la ukubwa wa kifungo cha shati, kingo zake zimelowa. Mama Giaboksi akalitia kidole na kutikisa kichwa. Akamweleza kwamba usingizi si mwepesi, ukisukumwa lazima utafute pa kwenda. Huu ulikuwa ukichuruzika hadi kwenye giaboksi. Ukizidi, gia zinaupigapiga, unatoa povu, povu linaleta joto, na gari likihisi joto linajinyima gia ya nne ili lisijiue. Gari lilikuwa na akili timamu, akasema. Mwaka juzi alitoa ugomvi kwenye gari la wachumba, ukajaa ndoo mbili, na hao walikuwa wamelinunua juzi tu.

Alipofungua boliti ya chini, usingizi ulishuka bila sauti. Giaboksi ya lita saba ilitoa lita ishirini, zikajaa dumu moja la njano hadi shingoni. Paka wa karakana aliyekuwa akinyatia mjusi alilala akiwa ameinua mguu, na mjusi naye akalala. Ng'ambo ya ukuta mchomeleaji alinyamaza. Baadaye walimkuta ameegemea geti la mteja, kofia ya chuma usoni, anakoroma humo ndani. Ukimwondoa fundi na tangawizi yake, Macho peke yake ndiye aliyebaki wima, macho yamemtoka, akiutazama usingizi wake.

Mama Giaboksi akachota kijiko kimoja akamsogezea.

"Onja."

"Niko kazini, mama."

"Kaka, ni wako huu. Umeutoa mwilini mwako."

"Najua. Lakini niko kazini. Gari linatakiwa saa tisa."

Mama Giaboksi akakirudisha kijiko dumuni. Hakubishana naye, maana katika maisha yake alishawaona watu wa aina hiyo, na wote walikuwa wateja wazuri. Akalibandika tundu, akaweka filta mpya na mafuta mapya mekundu, akalijaribu gari barabarani. Lilipofika themanini liliingia gia ya nne kama kisu kwenye siagi. Kitambaa alichofutia bakuli la giaboksi alikifunga kwenye mfuko wa plastiki na kumpa Macho. "Hiki si cha kazini," akamwambia. "Hiki ni tambara langu, nakupa mimi."

Jioni ile, baada ya zamu, Macho aliketi kwenye kochi nyumbani kwake, akakitoa kitambaa na kukiweka puani. Mkewe alikuwa jikoni, amebandika birika. Alipotoka kuuliza kama atakunywa chai yenye sukari au bila, alimkuta mumewe amefumba macho. Hakuwahi kumwona hivyo tangu mtoto wao wa mwisho alipokuwa anatambaa. Alirudi jikoni kwa ncha za vidole, akaiondoa birika motoni isije ikapiga mluzi, akaja kuketi sakafuni kando ya kochi na kuyatazama yale macho yaliyofumba. Macho alilala dakika kumi na moja. Alipoamka alikuwa akilia, na hakuwa na huzuni yoyote. Alikuwa amesahau kwamba kuna mahali pa kuweka mwili chini na kuuacha.

"Umebaki mwingi?" mkewe akauliza.

"Dumu zima. Lipo kwenye buti la gari."

"Basi lilete ndani, mume wangu. Nitakufungia mlango, nitawaambia umesafiri."

"Siwezi kulala bila ruhusa," Macho akasema. "Kesho naomba likizo. Nina miaka kumi na tisa ya likizo ambayo sijaigusa. Nikiipata hata nusu yake, naumaliza wote kwa utaratibu."

Mkewe alimfahamu mtu wake: hata moto ungeshika nyumba, angetafuta kwanza wa kumuaga.

Asubuhi Macho alivaa shati la pasi, akalibeba dumu kwa mikono miwili hadi ghorofa ya pili. Afisa Utumishi, kijana mwenye tai na mafua yasiyoisha, aliisoma barua ya maombi, akafungua kitabu cha kanuni, akapitisha kidole.

"Shikamoo, mzee. Likizo zako ninaziona," akasema. "Lakini isiyotumika ndani ya miaka miwili hujifuta yenyewe. Za nyuma zote zimejifuta. Ya mwaka huu unayo, ila lazima aidhinishe unayemwendesha."

Wakaingia kwa Mkurugenzi, Macho na dumu lake mbele, Afisa Utumishi nyuma. Macho alieleza mambo yote tangu mguu wa kushoto hadi lile tundu. Alieleza pia habari za lori, na za msichana wa shule. Ilikuwa mara ya kwanza kulisema hilo kwa sauti.

"Bosi, nitakuja kuua mtu," akasema. "Nikilala, sitaua. Naomba nikalale."

Mkurugenzi alisikiliza hadi mwisho, kwa adabu. Kisha akainuka, akazunguka meza, akainama kulifungua dumu. Akanusa. Akashika ukingo wa meza.

"Mzito huu," akasema. "Miye siku hizi nalala kwa saa mbili, tatu tu, nagaagaa. Daktari amenipa vidonge, havina kazi. Huu ni wa miaka mingapi?"

"Kumi na tisa, bosi."

"Umekusanywa wapi?"

"Kwenye gari."

"Gari la nani?"

"La ofisi."

"Saa ngapi?"

Macho akaona pale yanapokwenda mazungumzo, lakini hakuwa mtu wa kusema uongo. "Saa za kazi," akajibu.

Mkurugenzi akamtazama Afisa Utumishi. Afisa Utumishi akapenga kamasi, akapitisha kidole kwenye kitabu, akaona kwamba chochote kinachopatikana ndani ya chombo cha ofisi katika muda wa kazi ni mali ya ofisi. Alilisoma mara mbili, mara ya pili kwa sauti ya chini, maana nyumbani alilelewa vizuri. Mtunza stoo akaitwa, akalibandika dumu namba. Macho alitia saini mahali alipoonyeshwa. Kuhusu likizo, Mkurugenzi alisema tutaona mwezi ujao, mwezi huu una safari nyingi, na gari sasa limepona, ashukuriwe Mungu. Dumu halikukaa stoo hata siku mbili, kwa sababu mtunza stoo alikutwa amelala juu yake, na ikaamuliwa kwa usalama wa mali lihifadhiwe nyumbani kwa Mkurugenzi.

Kuku wa maskini hatagi; akitaga, mwewe yuko juu anahesabu mayai. Jioni ya siku aliyotia saini Macho alimsimulia mkewe yote, na mkewe akaacha kukunja nguo.

"Ungekunywa hukohuko gereji," akasema. "Fundi wa watu kakushikia kijiko mdomoni."

"Nilikuwa kazini."

"Ndiyo," mkewe akasema. "Wewe ulikuwa kazini." Akaendelea kukunja nguo. Alikuwa na hasira, na hasira yake haikuwa na wa kumpiga, kwa hiyo nguo zilikunjwa vizuri sana siku ile. Kile kitambaa cha fundi walikwisha kukijaribu tena mara tatu, kikatoa dakika nne, kikatoa moja, kikabaki kuwa tambara.

Gari likawa zima. Mama Giaboksi alikuwa amelibandika tundu kwa bati nene, na usingizi wa Macho, ukikanyagwa, haukupata tena pa kushukia. Ulibaki miguuni, ukamvimbisha vifundo. Alinunua viatu vya namba kubwa zaidi. Mkurugenzi naye alinawiri. Alianza kwa kijiko kimoja nyumbani, kisha akawa anabeba chupa ndogo garini, anakunywa kifuniko kimoja wakitoka mjini, na kabla ya mzunguko wa pili wa barabara ameshalala fofofo. Alikoroma kwa mkoromo wa Macho, ule wenye filimbi mwishoni, ambao mkewe Macho angeutambua hata sokoni. Kazini watu walimsifu kwa ngozi yake. Mwezi ujao ulifika, ukawa na safari nyingi. Uliofuata nao hivyohivyo.

Mwezi wa tano, mchana mmoja wa jua kali, walikuwa wakirudi kutoka kwenye kikao. Mkurugenzi aliamka katikati ya safari, jambo ambalo halikuwa kawaida yake, akajifuta mdomo.

"Dumu limefika chini," akasema. "Kuna mashapo. Tangu nianze kuyanywa haya ya chini naota. Zamani sikuwa naota."

"Unaota nini, bosi?"

"Kabibi kamoja. Kembamba, kana kovu hapa kidevuni. Kila nikifumba macho, yupo. Amekaa mlangoni anachambua mchele, ananiita mwanangu. Mimi simjui."

Macho alimjua. Mama yake alifariki mwaka wa nane wa kazi hii, siku ya Alhamisi, Macho akiwa nje ya ukumbi anamsubiri Mkurugenzi amalize chakula. Alizikwa Ijumaa, Macho aliruhusiwa kufika Jumapili, akaonyeshwa udongo. Tangu hapo alikuwa akimngoja. Watu walimwambia marehemu huja ndotoni kuaga, na yeye alijibu kwamba bila shaka atakuja, ana mengi ya kusema, mama yake hakuwa mtu wa kuondoka kimyakimya. Miaka kumi na mmoja alimngoja akiwa macho.

Alishika usukani kwa mikono yote miwili.

"Anasema nini?" akauliza.

"Eti ananiuliza nimekula. Namwambia bado. Basi anainuka, ananisogezea kiti. Anasema, 'Keti, mwanangu. Umechoka.'"

Barabara ilikuwa nyeupe mbele yao. Macho aliitazama kwa bidii yote, ili aione.

"Ukakaa?" akauliza.

"Nani?"

"Wewe, bosi. Ulipoambiwa. Ulikaa?"

"Nilikaa, kwa nini nisikae? Kiti kizuri." Mkurugenzi akapiga mwayo, akatoa chupa yake mfukoni, akaitikisa ili mashapo yachanganyike, akanywa. "Hebu ongeza mwendo. Tunachelewa."

"Bosi."

"Mmh."

"Ukimwona tena, mwambie nilikuja. Mwambie nilikuja Jumapili."

Kutoka kiti cha nyuma ulisikika mkoromo, ukafuata mluzi mwembamba mwishoni. Macho alikanyaga mafuta. Mshale ulifika themanini, gari likaingia gia ya nne bila mtikisiko wowote, na Mkurugenzi hakuamka.